SOMO: Kuangalia deni la trafiki kwenye gari, bajaji au pikipiki yako na kulilipa mwenyewe (wanaTanga someni mpaka mwisho)

Assalaam aleikum wagosi na wengine wote. Naandika mara moja ili kila anayeniuliza nimuelekeze hapa, maana inboksi imejaa swali lilelile, "kaka niangalizie gari yangu kama inadaiwa", wengine wanatupa pleti namba tu hata salamu hakuna. Jamani hii kitu unaangalia mwenyewe, kwa simu yako, bure. Juzi pale Kange nimemkuta kijana wa bodaboda anatoa elfu mbili steshenari ili aangaliziwe deni, na mashine ikaonyesha hana deni lolote. Elfu mbili ile ni mafuta. Imeniuma.

Hatua ya 1. Fungua brauza, andika tms.tpf.go.tz. Ni saiti ya Jeshi la Polisi, huhitaji kujisajili wala neno la siri. Ikiishia na kitu kingine badala ya go.tz, toka.

Hatua ya 2. Chagua unatafuta kwa nini: namba ya gari, namba ya leseni, au ile reference iliyopo kwenye karatasi uliyopewa barabarani.

Hatua ya 3. Andika namba bila kuacha nafasi. T123ABC. Pikipiki MC123ABC.

Hatua ya 4. Soma jedwali lote, usiangalie jumla tu. Linakuonyesha tarehe, mahali, kosa, faini, nyongeza na hali ya deni. PENDING deni lipo, PAID limelipwa. Faini ya kawaida ya gari ni 30,000 kwa kila kosa, kwa hiyo ukisimamishwa mara moja ukaandikiwa makosa mawili ni 60,000, usije ukasema umeibiwa. Ukichelewa inaongezeka, ndiyo ile unaona 30,000 imekuwa 37,500. Bodaboda na bajaji zilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Na hapo kwenye mahali na tarehe tulia kidogo, kama gari umempa dereva na kumbe imeandikiwa Segera siku aliyokwambia yuko gereji Ngamiani, hayo ni mazungumzo yenu wawili.

Hatua ya 5, KULIPA. Hapa soma polepole. Kila deni lina kontrol namba yake, yaani namba ya kulipia deni hilo. Za serikali zina tarakimu 12 na zinaanza na 99. Unalipa kwa simu, M-Pesa *150*00#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#, mitandao mingine ni hivyohivyo, unaingia kulipa bili, unachagua malipo ya serikali, unaweka kontrol namba na kiasi. Benki na wakala pia wanapokea. Sasa kinachowaumiza watu ni kontrol namba yenyewe. ICHUKUE KWENYE SAITI WEWE MWENYEWE. Kuna mzee mmoja wa Mikanjuni alipigiwa na mtu akajiita wakala wa faini, akamwambia nitakupunguzia deni, nakutumia kontrol namba ulipe nusu. Mzee akalipa, risiti ya serikali ikaingia kabisa, halali, akashukuru. Baada ya muda akasimamishwa pale Muheza gari bado inadaiwa yote. Alichofanya yule mtu ni kumpa kontrol namba ya deni la mtu mwingine, huyo mwingine ndiye aliyelipiwa, na wao wakamalizana huko pembeni. Mzee hana pa kudai kwa sababu hela imeingia serikalini, ila siyo kwenye deni lake. Kwa hiyo: hakuna punguzo la mtaani, hakuna wakala wa faini, usilipe kwa meseji uliyofowadiwa, na usimpe mtu hela mkononi. Kontrol namba isome tarakimu nne nne kwa sauti kabla ya kuweka PIN, ukikosea moja unaweza ukajikuta kwenye bili ya mtu usiyemjua. Ujumbe wa kuthibitisha ukija, usome. Kiasi kikiwa tofauti na ulichokiona kwenye jedwali, acha, rudi mwanzo.

Hatua ya 6. Tunza meseji ya risiti, rudi kwenye saiti uhakikishe imesoma PAID, piga skrinshoti.

Basi. Ulizeni.

---

Boda wa Chuda: naomba kontrol namba ya kulipia faini

Mwandishi: Hakuna kontrol namba moja ya watu wote. Hatua ya 5.

Kijana wa Pongwe: Mkuu nichekie hii hapa nipo bize kidogo *[namba ya gari imeondolewa]*

Mwandishi: Nimeiondoa namba yako, usianike gari yako kwa watu. Muda uliotumia kuandika hapa ungetosha kuandika kule. Hatua ya 1 mpaka ya 3.

Mama Nasra: Shikamoo kaka. Nina bajaji nimempa kijana kwa hesabu ya siku, yeye ndiye anaandikiwa makosa lakini nikiangalia deni linasoma kwenye bajaji yangu. Je akiondoka bila kulipa nabaki nalo mimi?

Mwandishi: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Kosa linaandikwa na namba ya chombo na leseni ya dereva, kwa hiyo likiwepo litaonekana ukitafuta kwa bajaji, na kinachosimamishwa barabarani ni bajaji, awe anaendesha yeye au mwingine. Kwa hiyo kivitendo linakukaba wewe. Ushauri wangu, angalia kila unapopokea hesabu ya wiki, usisubiri mwezi. Na kwenye mkataba wenu andikeni, makosa ya uendeshaji anabeba dereva (kupakia kupita kiasi, kutofuata alama), ubovu wa chombo na bima ni juu yako mwenye mali. Chukua na namba ya leseni yake mapema, uangalie na historia yake kabla hujampa funguo.

Mama Nasra: Ahsante sana, hilo la leseni sikulijua kabisa.

Simba wa Bara: We unawapigia debe tu hao trafiki, faini nyingi ni za uonevu

Mwandishi: Simpigii debe mtu. Anayelijua deni lake haonewi kirahisi. Kama una faini unayoona ni ya uonevu soma jibu nitakalompa Mwalimu hapo chini.

Mwalimu wa Mwembeni: Swali langu ni la tofauti. Kama sikutenda kosa, nalazimika kulipa? Na kesi za namna hiyo kumbukumbu zake mtu anazipata wapi?

Mwandishi: Hulazimiki mwalimu. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, ile faini ya papo kwa papo ni ya mtu anayekubali kosa. Ukilipa umekubali, ndiyo maana usilipe kwanza halafu ulalamike. Kama hukubali, sema kwa adabu kwamba unataka kwenda mahakamani, usigombane barabarani. Andika saa, mahali, na kibao kilikuwepo au hakikuwepo, kipige picha. Ikifika mahakamani jalada linakaa masijala ya mahakama iliyosikiliza, unakwenda na namba ya kesi, mwaka na jina la mshtakiwa, ukiwa na namba wanakutafutia haraka, bila namba utazunguka. Namba iandike siku ileile unasomewa shtaka. TanzLII, saiti ya sheria na hukumu za Tanzania, kuna hukumu za bure mtandaoni ila nyingi ni za Mahakama Kuu na ya Rufani. Ukitiwa hatiani Mahakama ya Wilaya na unataka rufaa, kusudio (taarifa kwamba utakata rufaa) ni ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe siku 45 kwenda Mahakama Kuu, na Tanga tunayo kanda yetu. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi kwa barua mapema, muda wa kuzisubiri haukuhesabiwi.

Fundi Ngamiani: mi nanunua gari mkononi kwa mtu, naangalia kabla au baada ya kulipa?

Mwandishi: Kabla, tena mbele ya muuzaji, hela ikiwa bado mfukoni mwako. Ukikuta deni alilipe hapohapo usubiri isome PAID, ama mkate kwenye bei muandike kwenye mkataba.

Dada wa Raskazone: Na bima je, stika niliyopewa nitajuaje siyo feki?

Mwandishi: Ingia tiramis.tira.go.tz, weka namba ya gari au ya stika. Ikikataa kusoma usiendeshe, rudi kwa aliyekuuzia leo hii. Bima feki ukigonga mtu unajilipia mwenyewe.

Boda wa Chuda: nimeingia nimeona, nadaiwa 10,000. kontrol namba ni ile ya kwanza kushoto?

Mwandishi: Chini ya neno reference. Tarakimu 12?

Boda wa Chuda: ndio inaanza na 99

Mwandishi: Ndiyo hiyo. Lipa, kisha rudi uangalie imesoma PAID.