Jinsi ya Kuendesha Alasiri ya Michezo kwa Wasioona

Wengi huja mara ya kwanza kwa sababu ya mchezo. Wanaorudi wiki ya pili ni wale waliopata mtu wa kuzungumza naye. Hilo nimeliona katika kila kikao nilichoandaa kwa wasioona na wenye uoni hafifu, ndiyo maana mpira utasubiri kidogo katika mwongozo huu.

Hatua ya 1: Alika kwa sauti

Piga simu. Tangazo lililotengenezwa kama picha, hata liwe zuri vipi, mara nyingi halisomeki kwa programu ya kusoma skrini, ile inayomsomea asiyeona maandishi ya simu kwa sauti. Ukilazimika kutuma ujumbe, andika maandishi ya kawaida. Katika simu hiyo muulize mambo mawili: atafikaje, na anaona nini. Usishangae jibu la swali la pili. Wapo wanaoona mwanga tu, wapo wanaoona pembeni lakini si katikati, wapo wanaotofautisha rangi zikiwa kali. Swali la usafiri usiliache hata siku moja, maana mipango mingi mizuri hufia hapo.

Hatua ya 2: Nyamazisha chumba

Zima redio na feni inayounguruma. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, kwa sababu ule ulioachwa nusu humgonga mtu usoni. Wenye uoni hafifu wape viti ambavyo dirisha liko nyuma yao, mwanga usiwapige machoni. Vikombe vyeupe viweke juu ya kitambaa cheusi.

Hatua ya 3: Pokea mtu, usimbebe

Taja jina lako kabla ya kumgusa. Usimshike mkono kumvuta, wala usiiguse fimbo yake. Mpe mkono wako. Yeye ndiye atakayekushika juu kidogo ya kiwiko, nawe utembee nusu hatua mbele. Kwenye ngazi simama, sema kama ni za kupanda au kushuka. Mkifika kwenye kiti, mwekee mkono wake juu ya mgongo wa kiti, kukaa atakaa mwenyewe. Na ukiondoka, sema unaondoka. Ni uchungu kugundua umekuwa ukizungumza na hewa.

Kisha wakalishe katika duara, kila mmoja ataje jina kwa zamu, ili sauti yake ionyeshe mahali alipo. Kikao changu cha kwanza nilipanga viti kando ya kuta nikawasha muziki, nikidhani ndiyo burudani. Mzee mmoja alikaa saa mbili nzima bila kujua kwamba kijana aliyekuwa viti vinne kutoka kwake alisoma shule aliyosoma yeye. Tangu siku hiyo duara kwanza.

Hatua ya 4: Tandika uwanja wa goliboli

Goliboli ni mchezo wa wasioona: timu moja huviringisha mpira wenye kengele kuelekea goli la wapinzani, nao huusikiliza na kuuzuia kwa miili yao. Ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza uwezo wa kuona katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1976 ukaingia rasmi katika Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Wachezaji ni watatu kila upande. Uwanja kamili una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na goli linachukua upana wote huo. Ukiwa na ukumbi mdogo, punguza.

Mistari ndiyo kazi hasa. Nyoosha kamba nyembamba sakafuni, unene wa milimita 3 hivi, uivute mpaka ikaze, halafu ibandike kwa selotepu pana juu yake. Pitisha kiganja, kisha vua viatu upite kwa nyayo. Kama wewe mwenyewe huisikii kamba ukiwa umefumba macho, mchezaji naye ataipoteza.

Mpira halisi una kengele ndani na uzito wa kilo 1.25. Ukiukosa, funga mpira wa kawaida ndani ya mfuko wa plastiki. Ule mchakacho wake sakafuni unatosha kuanzia. Wachezaji wote wafunikwe macho, hata wanaoona kidogo, ili wawe sawa.

Usianze na mechi. Wakae chini wawili wawili wakitazamana, miguu imetanuliwa, mmoja aite jina la mwenzake kisha ausukume mpira. Mpe mtu muda wa kuuamini mpira huo. Ukiona ameacha kujikinga uso na ameanza kuusubiri kwa mikono, mwinue acheze akiwa amesimama. Mpira ukiwa mchezoni watazamaji wote wanyamaze; makofi ni baada ya goli.

Hatua ya 5: Meza ya wasiotaka kukimbia

Dhumna zenye nukta zilizochimbwa au zilizoinuka, karata za nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole), na sataranji yenye vishimo ambamo kete hukaa bila kuanguka, miraba myeusi ikiwa imeinuka. Mchezaji ataje kwa sauti kila hatua yake.

Hatua ya 6: Achia madaraka

Ifikapo wiki ya nne, mwenyekiti, mtunza muda na mpiga simu wa mialiko wawe wasioona wenyewe. Wewe baki na selotepu.

Kabla ya kutawanyika, kila mmoja ampigie mwenzake palepale, asiishie kutajiwa namba. Simu ikilia mfukoni mwa jirani yake, wamepatana.