Mkono wa mzee ukiishiwa nguvu: pima kwanza, mazoezi baadaye

Mzee akianza kushindwa kufungua chupa au kufunga vifungo vya shati, wengi husema ni umri tu. Ni kweli, kadiri miaka inavyosonga neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli hupungua, zilizobaki zikabebeshwa kazi ya zilizokufa, na mkono hupoteza nguvu na wepesi. Lakini uzee huja polepole, tena mikono yote miwili. Udhaifu wa mkono mmoja au vidole fulani tu usiusingizie umri.

Mweke viganja mezani, vikitazama juu. Kinundu cha nyama chini ya gumba kikiwa kimebonyea, na ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati inamwamsha usiku akikung'uta mkono, huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho, na kuna bonde nyuma ya kiganja kati ya gumba na shahada, shuku neva inayopita kiwikoni. Mpe karatasi aibane kwa gumba lililonyooka na ubavu wa shahada, kisha ivute: gumba likijikunja ili kuing'ang'ania, neva hiyo ina shida. Ukoma nao huishambulia, kwa hiyo tafuta baka la ngozi lisilo na hisia.

Dalili hizo zikikosekana, anza mazoezi siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja kila mara. Akamue sponji ndani ya maji ya uvuguvugu, ashikilie sekunde 5, aachie. Mara 10 kila mkono. Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa: misuli inayofungua vidole inabaki goigoi. Zungushia vidole vyote vitano mpira wa kufungia noti, avitanue mara 10. Kwa wepesi, aokote maharage moja moja kwa gumba na shahada. Maumivu yakiendelea hadi kesho yake, punguza idadi.

Mwenye dalili za kubanwa kifundoni asikamue chochote. Afungwe kifaa cha kunyoosha kifundo usiku na aonwe na daktari. Anayetumia metformin (dawa ya kisukari) kwa miaka mingi apimwe vitamini B12, maana ikipungua huharibu neva.

Mkono ukilegea ghafla, hasa pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama, hicho huenda ni kiharusi: hospitali saa hiyo hiyo.