Kuweka nembo kwenye jaketi la mvua bila kulitoboa wala kuliunguza

Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, kwa hivyo oda za majaketi huanza kubisha mlangoni mapema: vikundi vya bodaboda, walinzi wa usiku, mabaharia wa mashua za watalii, vibarua wa bandarini. Fundi aliyezoea fulana huliweka jaketi kwenye mashine ya joto kwa nyuzi 160 kama kawaida yake, na hasara huanzia hapo. Fulana hunyonya. Jaketi la mvua limetengenezwa likatae kila kinacholigusa, na gundi yako na wino wako vimo.

Kwanza kitambaa

Ligeuze ndani nje, usome lebo, kisha ulipapase. Kama ni zito, linateleza na linanuka plastiki kama pazia la bafuni, hilo ni PVC. Usilitie joto kabisa. PVC huanza kulainika karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, na bamba la mashine litainuka na kipande cha koti la mteja. Hapo njia ni moja: kuchapa kwa skrini, tena kwa wino wa vinili unaokauka kwa hewa.

Mengi yanayoletwa ni nailoni au poliesta iliyopakwa utando wa PU (plastiki laini ya poliyurethani) upande wa ndani. Haya yanakubali joto, lakini joto la chini. Yale ya bei, yenye tabaka tatu na utando unaopitisha jasho, mengine hupatikana kwenye mitumba ya Kongowea. Kabla ya kuyapokea, sugua upande wa ndani kwa kidole gumba. Ukiona maganda meupe au ukihisi utando unanata, jaketi limeshazeeka, na hakuna nembo itakayolirudishia uhai. Mwambie mwenyewe mapema, asije akasema ni wewe uliyeliharibu.

Alama ya pasi kwenye lebo nayo inasema mengi. Nukta moja ni nyuzi 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Pasi iliyokatwa kwa msalaba haimaanishi kazi haiwezekani, ila ujaribu kwanza kwenye pindo la ndani, sekunde 5 tu, juu ya karatasi ya Teflon.

Sasa dondoshea tone la maji mahali nembo itakapokaa. Likisimama kama shanga na kuteleza, dawa ya kukataa maji bado ina nguvu, na gundi haitashika vizuri. Chukua kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, kitie spiriti ya isopropili, ufute eneo la nembo pekee mara mbili au tatu, halafu uliache likauke. Tone la pili likitandaa badala ya kusimama, uko tayari. Usifute jaketi zima: dawa hiyo ndiyo mteja aliyolipia. Jaketi lililotumika baharini lioshwe kwanza kwa maji baridi, maana chumvi hukaa kati ya gundi na kitambaa.

Kubandika kwa joto

Kwa oda ndogo, hii ndiyo njia ya kuanzia. Tumia vinili, yaani karatasi ya plastiki yenye gundi inayokatwa umbo la nembo, ile iliyokusudiwa kubandikwa kwenye nailoni na inayoshika kwenye nyuzi 120 hadi 130, au chapa ya DTF, yaani nembo iliyochapwa kwenye filamu na kunyunyiziwa unga wa gundi, yenye unga wa joto la chini. Vinili ya fulana za pamba hudai 150 hadi 160, na joto hilo hukunjamanisha nailoni na kufungua tepu iliyoziba mishono.

Tatizo la pili ni unene. Zipu, mfuko na bitana huinua bamba, gandamizo likakosa usawa na kona za nembo zisishike. Kata sponji ngumu au blanketi lililokunjwa, dogo kuliko jaketi ila kubwa kidogo kuliko nembo, ulitie ndani chini ya sehemu ya kubandika. Zipu na mishono ibaki ikining'inia nje.

Gandamiza kitambaa kitupu kwa sekunde 3 hadi 5 kutoa unyevu. Hewa ya pwani haikuachi hapa: jaketi lililolala usiku kucha karibu na dirisha huwa na maji ya kutosha kutengeneza mapovu chini ya vinili. Weka nembo, funika kwa Teflon, gandamiza kwa nguvu ya wastani sekunde 10 hadi 15, au muda ulioandikwa kwenye roli yako. Usiamini kioo cha mashine peke yake; pima katikati na pembeni mwa bamba kwa kipimajoto, utashangaa tofauti yake. Stima ikiwa dhaifu, ngoja bamba lirudi kwenye joto lake kabla ya jaketi linalofuata.

Vinili nyingi za nailoni hubanduliwa karatasi zikiwa zimepoa. Dukani kwenye joto la nyuzi 32, kupoa kunachukua muda, na haraka ndiyo huinua ukingo wa herufi nyembamba. Weka kipande cha marumaru au bamba la alumini juu ya nembo kwa dakika moja, ndipo ubandue. Malizia kwa kugandamiza tena sekunde 3 hadi 5. Roli na filamu za DTF zihifadhiwe kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya.

Kuna kosa moja linalojitokeza ukiwa umeshalipwa. Umebandika nembo nyeupe kwenye poliesta nyekundu, imetoka safi, na baada ya siku mbili imekuwa waridi. Joto limeipandisha rangi ya poliesta hadi ndani ya vinili. Dawa yake ni vinili yenye tabaka la kuzuia rangi, kwa kawaida kijivu au nyeusi upande wa gundi, pamoja na joto la chini kabisa linaloshika. Kwa nyekundu, maruni na buluu nzito, bandika sampuli moja, uiache siku mbili, ndipo uendelee na zilizobaki.

Mteja aking'ang'ania darizi

Nembo ya kifuani yenye upana wa sentimita 9 hula mishono 5,000 hadi 8,000, na kila mshono ni tundu. Njia safi ni kudarizi kiraka pembeni, kisha kukibandika kwa filamu ya gundi ya joto. Kwa macho ni darizi ileile, na jaketi halikuguswa na sindano. Darizi ya moja kwa moja ikalie kifuniko cha mfuko, ambako maji yakipenya hayafiki mwilini.

Ikibidi kutoboa, tumia sindano kali namba 75/11 na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba huvuta maji ndani kama utambi wa taa. Punguza msongamano wa mishono, na usiubane utando kwenye fremu ya kudarizia. Bana karatasi ya kunata, jaketi ulilaze juu yake, kwa sababu alama ya fremu haitoki. Bitana ifunguliwe kwenye pindo la chini kama sentimita 20, na ukimaliza, ziba nyuma ya darizi kwa kipande cha tepu ya mishono kinachopita ukingo kwa sentimita 1 kila upande. Ukikosea, usifumue ukarudia: tundu la nailoni halijifungi.

Mahali na majaribio

Kifuani kushoto, sentimita 8 hadi 10 kwa upana, ukingo wa juu uwe sentimita 18 hadi 20 chini ya mshono wa bega. Mgongoni 25 hadi 30, ila teremsha chini ya kofia inapoangukia. Kwa bodaboda, uliza kwanza kama watavaa reflekta juu. Nembo kubwa ya mgongoni ikifunikwa na reflekta ni pesa imezama, basi afadhali mkono.

Kabla ya kukabidhi, tandaza sehemu ya nembo juu ya bakuli, uibonyeze ifanye kishimo, mwagia kikombe cha maji, karatasi ya tishu ikiwa chini. Baada ya nusu saa tishu iwe kavu. Mteja aambiwe asifue kwa saa 48 za kwanza, kisha afue kwa maji baridi jaketi likiwa ndani nje, bila jiki wala sabuni ya kulainisha nguo, na alianike kivulini.