Jinsi ya kuchambua tamathali za Inkishafi bila kupotea njia

Juzi mpwa wangu aliniletea insha yake juu ya Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa kisiwa cha Pate. Ameorodhesha tashbihi 6 (kulinganisha kwa "kama") na sitiari 4 (kulinganisha bila "kama"), basi. "Mjomba, si ndivyo wanavyotaka?" Tukakaa nayo tangu laasiri hadi isha.

Hatua ya 1: Soma ubeti kwa sauti. Mizani 10 kila mshororo, na wa nne huishia na -ye. Ulimi ukijikwaa, hapo pana neno usilolijua.

Hatua ya 2: Fahamu Kiamu, lahaja ya Lamu, kwanza. Hapa ndipo jioni yetu ilipoishia. Mshairi anataja "taa katika pepo". Mpwa wangu akaandika kwamba ni taa inayowaka Peponi, ishara ya matumaini ya muumini, na insha nzima akaijenga juu ya hilo. Kumbe pepo hapa ni wingi wa upepo, kama tusemavyo pepo za kusi: taa imewekwa penye upepo, na ikizimika haizuiliki. Maana ikageuka juu chini. Simcheki. Mimi mwenyewe nilimaliza siku nzima nikitafuta "maiye" katika kamusi, na ni "maji yake" tu.

Kwa hiyo zoea mabadiliko haya: iyu ni juu, ndia ni njia, mato ni macho. Lakini usifanye kanuni ya kufumba macho. Si kila t ni ch, taa ni taa tu. Tena nakala zilizochapwa hazifanani kila neno, maana utenzi ulitoka katika miswada ya herufi za Kiarabu. Shika nakala moja yenye sherehe, yaani maelezo ya maneno, uandike pembeni kwa penseli. Fasiri za Kiingereza mimi huziweka mbali hadi mwisho kabisa: zinakupa maana, zinakunyima picha.

Hatua ya 3: Uliza picha imetoka wapi. Kisima kisicho na ukingo, na ng'ombe anayempiga pembe kila asogeaye, hata maji yenyewe asiyanywe. Bahari iliyochafuka, yenye matumbawe. Popo wakining'inia katika majumba ya matajiri waliokwisha kufa. Vyote ni vya kisiwani. Msikilizaji wa Pate hakuhitaji kuelezwa mwamba hufanya nini chombo.

Hatua ya 4: Nani anaambiwa? Wengi huiruka hii. Baada ya kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, mshairi anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuukaripia: huzinduki kwa nini? Ibada iko hapo. Hamwimbii Mola kama mpenzi, jinsi wafanyavyo washairi wengi wa Kisufi. Anamwendea kwa kuuvua moyo mapenzi ya dunia, picha baada ya picha. Kisima kinamnyima maji ili kiu yake itafute pengine.

Hatua ya 5: Sasa andika "tashbihi" au "sitiari". Neno moja linatosha.

Mpwa wangu alibakiwa na tamathali 3 kati ya zile 10, na insha ikaongezeka kurasa 2.