Kukagua mtama: ng'oa jani la kati kabla ya kununua dawa

Mtama ukishachomoza baada ya mvua za Desemba au Januari, kagua shamba mara mbili kwa wiki kwa siku 30 za kwanza. Baada ya hapo mara moja kwa wiki inatosha. Ingia kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, jua la Dodoma likiwa bado na huruma.

Usianzie ukingoni, ingia ndani hatua kumi hivi. Tembea mfano wa herufi W, simama vituo 5, na kila kituo kagua mimea 20 inayofuatana kwenye mstari. Usichague, maana jicho hukimbilia mmea mgonjwa. Jumla ni mimea 100, hivyo ukihesabu 14 iliyoshambuliwa, hiyo ni asilimia 14.

Kinachowachanganya wengi ni jani la kati lililokauka huku ya pembeni yakiwa mabichi. Wahalifu ni wawili. Livute hilo jani. Likichomoka bila ubishi, na chini limeoza na linanuka, ni nzi wa mtama: ndani utakuta funza mdogo mweupe au wa njano, hana miguu. Yakiwapo matundu madogo yaliyopangwa mstari kwenye majani, na kinyesi kama unga wa mbao, pasua shina. Kiwavi mwenye miguu na kichwa cha kahawia ni funza wa mabua.

Nzi hushambulia miche tangu wiki ya kwanza hadi ya nne, na jani likishanyauka funza yuko ndani tayari. Kupiga dawa hapo ni kumwaga hela. Ng'oa miche hiyo unapopunguzia, na msimu ujao panda mapema, pamoja na majirani, kwa sababu shamba lililochelewa ndilo hupokea nzi wa mashamba yote. Funza wa mabua, dawa humpata akiwa mchanga, bado anakula majani kwenye moyo wa mmea. Akishatoboa shina, umechelewa. Mabua ya mavuno walishe ng'ombe kabla ya mvua, maana ndimo anamojificha kiangazi.

Penye mahindi jirani, tafuta kiwavijeshi vamizi: alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na nukta 4 za mraba karibu na mkia. Hesabu uharibifu mpya tu, wenye kinyesi kibichi; matundu ya zamani hayana mdudu. Mahindi machanga yakifika mimea 20 kwa 100, chukua hatua.

Masuke yakitoka, angalia fugwe, ugonjwa wa masuke: mahali pa punje kuna vifuko vya kijivu vyenye unga mweusi. Hakuna dawa ya kuponya suke hilo. Likate taratibu kabla vifuko havijapasuka, litie ndani ya mfuko, lichome. Usitoe mbegu shamba hilo. Punje zikiwa na maziwa na ukaona makundi ya ndege kweleakwelea, mwambie afisa ugani wa kata siku hiyohiyo.