Namna ya kushona kuvreli (kitambaa ya kufunika kitanda) na mashemizi ya mupendwa wenu aliyekufa

Mbele ya kukata, uliza mama na wandugu kama wanaitika, juu makasi ikishapita ni basi, shemizi hairudi. Kisha fua yote, piga pasi, toa kola na mikono. Shemizi moja ya mutu mukubwa inaweza kukupa karo (vipande vya mraba) kama tano ao sita za santimetri 22 kila upande, mugongo ndio inatoa mingi. Ukishona na santimetri moja ya pindo kila upande, karo inabakia 20, kwa hiyo karo 7 kwa 9 inakupatia kuvreli ya 140 kwa 180. Mashemizi hayatoshi? Ongeza na kitenge ya mama, hata inapendeza zaidi, miye naona.

Mufuko ya kifuani usiitoe! Kata karo pale mufuko inabakia katikati, na kama iko na alama ya biki haitoki, acha vile vile. Ile sehemu ya vifungo nayo, funga vifungo kwanza, shona chini yake ndio isifunguke, kisha kata.

Timisheti (T-shirt) zinavutika, bandika kwanza kitambaa ya gundi kwa nyuma na pasi, bila ivyo karo zitapinda.

Unganisha mustari kwa mustari, kila pindo ifungue na pasi. Katikati weka bulangeti ya zamani (hapa Bukavu baridi haichekeshe), chini kitenge mbili umeunganisha, sababu moja haifike upana. Fundi wa Kadutu, komine ya hapa Bukavu, mwenye mashini ya nguvu anaweza kupitisha mistari ya mwisho ya kushikanisha juu, katikati na chini, ila umukataze kugusa mufuko.