Kodiani ya kidijitali: jinsi ya kurekebisha mipangilio na kuihifadhi isipotee

Usiku mmoja niliketi na kodiani yangu ya kwanza ya kidijitali, hedifoni masikioni, nikahangaika na rejista moja (kitufe cha kuchagua aina ya sauti) kwa karibu saa tatu nzima. Nikapunguza mtetemo wa ndimi (vile vipande vyembamba vya chuma vinavyolia ndani ya kodiani ya kawaida, ambavyo hapa vinaigizwa tu), nikapandisha besi, nikazima ule mlio wa kuigiza wa vibonye. Ilipofika pale nilipotaka, nikabonyeza rejista ya jirani ili nilinganishe. Kurudi, nakutana na sauti ileile ya kiwandani. Chombo hakikuwa na kosa. Mimi ndiye sikuwa nimehifadhi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepiga vizuri lakini akifungua menyu moyo unamdunda. Mimi nimezoea zaidi V-Accordion za Roland, zilizoanza kuuzwa mwaka 2004 kwa FR-5 na FR-7, na maneno nitakayotumia (seti, rejista, programu ya mtumiaji) yametoka huko. Kama chako ni cha kampuni nyingine, huenda kitufe kikawa na jina tofauti, lakini kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Jua kila kitu kinakaa wapi

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka, na hapa ndipo matatizo yote yanapoanzia. Ndani ya chombo kuna ngazi kadhaa, na kila unachobadilisha kina ngazi yake.

Juu kabisa kuna mipangilio ya jumla, inayohusu chombo kizima: tuni kuu, uzito wa mivukuto (ile sehemu ya mikunjo unayoivuta na kuisukuma), na kadhalika. Chini yake kuna seti. Seti ni sawa na kodiani moja kamili, mkono wa kulia na wa kushoto. Ukihama seti ni kama umetua kodiani moja na kuvaa nyingine. Ndani ya seti kuna rejista, yaani mchanganyiko wa ndimi: basuni ya oktavu moja chini, klarineti ya katikati, pikolo ya oktavu moja juu, na ndimi za museti ambazo zimepishanishwa kidogo na klarineti ili sauti itetemeke.

Programu ya mtumiaji iko pembeni kidogo. Kazi yake kubwa ni kukumbuka: ulikuwa kwenye seti ipi, rejista ipi kulia, ipi kushoto, ili vyote virudi kwa kubonyeza mara moja katikati ya onyesho.

Basi kabla hujagusa namba yoyote, jiulize: hii inakaa ngazi gani? Ukibadilisha kitu cha rejista, kila wimbo unaotumia rejista hiyo umebadilika. Ukibadilisha cha jumla, kitakufuata hadi kwenye nyimbo ambazo hukuzifikiria.

Hatua ya 2: Toa nakala ukiwa bado hujaharibu kitu

Kama chombo chako kina tundu la flashi, chomeka flashi tupu, ifomati ukiwa ndani ya chombo chenyewe, kisha hifadhi kila kitu: seti zote na programu zote. Jina liwe na tarehe na neno moja, mfano 0310MWANZO. Usiandike “mpya” wala “mwisho”. Baada ya nusu mwaka utakuwa na “mwisho” nne na hutajua ipi ndiyo ya mwisho kweli.

Chomoa flashi, iweke mbali na mkoba wa kodiani. Mkoba ukipotea, na flashi nayo ipotee?

Hatua ya 3: Anza na mambo ya jumla

Tuni kuu kwanza. Kiwango cha kawaida ni La ya hezi 440, lakini kodiani nyingi za ndimi zinazotengenezwa Ulaya hutuniwa 442. Tofauti hiyo ni karibu senti 8 (senti 100 ni nusu toni moja), na masikio huisikia mkipiga pamoja. Wewe ndiye wa kumfuata mwenye ndimi. Zake zimekwanguliwa kwa tupa, moja baada ya nyingine. Yako ni namba kwenye skrini.

Kisha mivukuto, na hapa tukae kidogo.

Kwenye kodiani ya kidijitali hewa haipiti kwenye ndimi yoyote. Kuna kihisi kinachopima mgandamizo wa hewa ndani ya mivukuto na kuugeuza kuwa namba. Ukiunganisha na kompyuta kwa midi (lugha ya vyombo vya muziki kutumiana amri), utaiona ikitoka kama kidhibiti namba 11, kuanzia 0 hadi 127. Menyu ya uzito wa mivukuto ndiyo inayoamua nguvu kiasi gani ya mkono ilete sauti kiasi gani. Uzito mwepesi: unagusa tu, sauti inajaa. Uzito mzito: lazima uvute kweli, ila unapata nafasi pana ya kupiga kwa upole.

Jaribio langu ni hili. Simama, kama huwa unapiga ukiwa umesimama. Mkono wa kushoto haubebi uzito uleule ukiketi. Shikilia noti moja ya katikati. Vuta kuanzia ukimya kabisa, ukihesabu polepole moja hadi nane, sauti ikikua. Kisha sukuma ukirudi, nane hadi moja, sauti ikizimika.

Sikiliza inaanzia wapi. Ikiwa umeshafika tatu na bado kimya, halafu inalipuka ghafla, uzito ni mkubwa kwa mkono wako. Ikiwa kufikia nne imeshafika juu na tano hadi nane hakuna kinachoongezeka, uzito ni mdogo, na nusu ya nguvu yako inapotea bure. Kwenye kurudi, sikiliza mbili na moja: noti inayokatika kama imefungiwa mlango haifai kwa wimbo wa polepole. Badilisha ngazi moja, rudia. Mimi huwa sipungui mara tano, na siku ya pili nakagua tena, kwa sababu mkono uliochoka hudanganya.

Baadhi ya vyombo, FR-8x kikiwemo, vina pia kirungu cha kurekebisha ukinzani wa hewa kwenye mivukuto yenyewe. Hicho ni kitu kingine. Kirungu kinaamua hewa inatoka kwa kasi gani, yaani mivukuto inafika mwisho upesi au inachelewa. Menyu inaamua sauti. Anza na kirungu, kisha menyu. Ukianza na menyu utazungukazunguka.

Utakuta pia chaguo linalofanya sauti iwe ileile hata ukivuta vipi. Linafaa kupima kebo na spika, basi. Wapiga kibodi hulipenda sana, halafu wanalalamika kodiani yao inalia kama ogani.

Hatua ya 4: Ingia kwenye rejista

Chagua seti, kisha rejista moja tu. Usishughulikie mbili kwa wakati mmoja. Kwenye vyombo vingi unashikilia kitufe cha rejista hadi ukurasa wa kurekebisha ufunguke, au unapita kwenye menyu ya kuhariri.

Kinachobadilisha tabia ya kodiani kuliko kitu kingine ni upishano wa museti. Usiusikilize kwa mdundo wa wimbo. Utavutwa na wimbo. Chagua rejista yenye klarineti na ulimi mmoja wa museti, zima mwangwi, shikilia La iliyo juu ya Do ya katikati. Utasikia sauti ikiyumba: waa, waa, waa. Hesabu miyumbo kwa sekunde 10. Upishano wa senti 10 hutoa karibu miyumbo 25 kwa sekunde hizo. Senti 20 hutoa kama 51, na hapo kuhesabu kwa mdomo kunashindikana, unabaki kugonga kidole.

Sasa panda oktavu moja. Kwa senti zilezile, miyumbo inakuwa mara mbili. Ndiyo maana fundi wa kodiani za ndimi hupunguza upishano kadiri anavyopanda kuelekea noti nyembamba. Kama chombo chako kinakuachia namba moja tu kwa kibodi nzima, tafuta namba inayokuridhisha kwenye noti unazopigia kiitikio, siyo kwenye La ya majaribio. Mimi kwa muziki wa kuimbia hubaki chini ya senti 10, kwa sababu mwimbaji akisimama juu ya museti pana hajui aegemee ulimi upi.

Kuhusu milio ya kuigiza ya vibonye na vali: nikirekodi huacha kidogo, jukwaani naizima. Mbele ya spika kubwa hakuna atakayeisikia, ila maikrofoni za studio huifanya kodiani isikike kama kitu kinachoshikwa na mtu.

Besi na akodi za mkono wa kushoto zirekebishe kila moja peke yake kama chombo kinaruhusu. Ukipiga na mtu wa gitaa la besi, shusha besi tu na uache akodi. Mkishindania noti za chini, wote wawili mtasikika kama tope.

Hatua ya 5: Hifadhi, na usiguse kitu kingine kwanza

Kila ulichofanya hadi sasa kiko kwenye kumbukumbu ya muda. Ukizima, kimeondoka. Na kama nilivyojifunza kwa uchungu, hata kubonyeza rejista nyingine kunaweza kutosha kukifuta. Kwa hiyo vidole vitoke kwenye kibodi, viende moja kwa moja kwenye kitufe cha kuandika. Kwa kawaida kimeandikwa Write au Save.

Skrini itakuuliza uhifadhi wapi, na mara nyingi inakupendekezea palepale ulipo. Soma namba hiyo kabla ya kubonyeza mara ya pili. Niliwahi kubonyeza mara mbili haraka kama mtu anayefunga mlango, nikaandika juu ya seti niliyokuwa naipenda kuliko zote, kwa jaribio ambalo hata halikuwa zuri. Nilikuwa nayo kwenye flashi, bahati yangu. Sogea hadi nafasi ya mtumiaji iliyo wazi, kisha uthibitishe.

Jina lieleze sauti inafanya nini: KAVU 2, PANA SHEREHE. Jina la wimbo usiliweke kwenye seti, kwa sababu seti moja itatumika kwenye nyimbo kumi. Jina la wimbo linakaa kwenye programu.

Skrini ikionyesha inaandika, subiri. Usizime, usivute mivukuto kujaribu, usichomoe umeme. Kama unatumia betri, hakikisha imejaa kabla ya kuanza kazi hii.

Mfuatano nao una maana: rejista kwanza, kisha seti, mwisho programu. Ukihifadhi programu halafu ukarudi kurekebisha rejista iliyo chini yake, kuna yatakayobadilika na yatakayobaki ya zamani, na utatafuta kosa hadi alfajiri.

Hatua ya 6: Panga programu kwa mfuatano wa onyesho

Weka wimbo wa kwanza kwenye nafasi ya kwanza, lakini ruka nafasi moja kila baada ya nyimbo tatu au nne. Siku kiongozi wa bendi akiongeza wimbo saa moja kabla ya kupanda jukwaani, utakuwa na pa kuuweka. Kama chombo chako kina swichi za kidevu, ipe mojawapo kazi ya kusogeza programu mbele. Mikono yote miwili ina shughuli, kidevu hakina.

Hatua ya 7: Zima, washa, sikiliza

Zima chombo, hesabu hadi kumi, washa mivukuto ikiwa imefungwa na imetulia. Nenda kwenye seti nyingine kabisa, kisha urudi kwenye yako. Piga noti ileile ya La, hesabu miyumbo. Ikiwa ni ileile, toa nakala ya pili kwenye flashi, jina jipya, bila kufuta ile ya mwanzo.

Mambo yakigoma

Unabadilisha namba lakini husikii tofauti: angalia kama unahariri mkono wa kushoto huku ukipiga wa kulia. Unacheka sasa, subiri zamu yako.

Wimbo mwingine umeharibika bila kuugusa: unatumia seti au rejista uliyoirekebisha. Rudisha ile ya zamani kutoka kwenye flashi na uiweke yako mpya kwenye nafasi tofauti.

Kibodi imekuwa bubu lakini taa zinawaka: kama ulikuwa umeunganisha na kompyuta, huenda kibodi imetenganishwa na sauti za chombo chenyewe kwenye menyu ya midi. Tafuta mpangilio unaoitwa Local, uuwashe.

Kurudisha mipangilio ya kiwandani ni hatua ya mwisho kabisa, na inafuta seti na programu zako. Baada ya hapo usipakie nakala yote kwa mkupuo, kwa sababu tatizo linaweza kuwa ndani yake. Kama chombo kinaruhusu, pakia seti moja, piga, pakia nyingine, piga. Ile yenye tatizo utaishika mkononi.